Taa za Ziwani na Mchanga wa Bibi: Niliyojifunza Niliporudi Kuvua Dagaa Kigoma

Kati ya Machi 2020 na Februari 2021 nilipoteza shilingi milioni sita na laki mbili katika uvuvi wa dagaa, kwenye mwalo, yaani ufukwe wa kutia nanga mitumbwi ya uvuvi, uleule ambao baba yangu na babu yangu waliishi kwa kazi hiyo maisha yao yote. Naandika haya kwa ajili ya watu waliozaliwa kando ya maji wakaondoka kwenda kutafuta maisha mjini, na ambao kila mwaka unapopita huhisi kwamba kule nyumbani waliacha kitu ambacho wangeweza kurudi na kukiokota palepale kilipoangukia. Nami nilihisi hivyo kwa miaka ishirini na saba, na hisia yenyewe haikuwa ya uongo, isipokuwa nilikuwa nimekosea mahali kitu hicho kilipoangukia.

Nimezaliwa mwaka 1971 katika kijiji kimoja kusini mwa mji wa Kigoma, si mbali na Katonga, mahali ambapo mtu akisimama mlangoni asubuhi ya kiangazi baada ya upepo kufagia ukungu huiona milima ya Kongo ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Usiku wa giza milima hiyo haionekani, bali zinaonekana taa, mamia ya taa juu ya maji, na sisi watoto tulikuwa tukilala nje kwenye mkeka tukibishana ni taa zipi za baba. Hakuna picha ya utoto niliyoibeba kwa uangalifu zaidi ya hiyo. Niliibeba hadi Dar es Salaam, nikaibeba katika ofisi nilizofanyia kazi, na wenzangu waliponiuliza natoka wapi niliwaeleza kwanza habari za taa.

Babu alikuwa mvuvi wa lusenga. Kwa wasiojua, lusenga ni wavu wenye umbo la mfuko mrefu, uliofungwa kwenye duara la mti na kutiwa mpini mrefu kuliko mtu, na kazi yake ni kuchota. Zamani, kabla karabai hazijaenea, wazee waliwasha moto wa kuni kwenye kichwa cha mtumbwi, wakangoja dagaa wakusanyike chini ya mwanga, kisha mmoja akazamisha lusenga kwa ubavu na kuipandisha kwa mkupuo mmoja. Nilipokuwa na umri wa miaka minane kazi hiyo ilikuwa imebaki mikononi mwa wazee wachache tu waliovua kwa ajili ya chungu cha nyumbani. Baba na rika lake walikuwa wamehamia kwenye wavu mkubwa wa kuinua, unaoshushwa katikati ya mitumbwi miwili iliyounganishwa kwa miti. Lakini kiangazi kilipoisha, karibu na mwezi wa tisa, dagaa waliposogea karibu na ufukwe, babu aliitoa lusenga yake chini ya dari ya jiko, akaulowesha mpini kwa maji, na kutuchukua wajukuu wawili wawili.

Nilikwenda naye mara nne tu, na mara ya kwanza naikumbuka kuliko zote. Karabai ilikuwa ikivuma kama nyuki, na chini yake maji yalikuwa ya kijani, angavu, mpaka nikaviona vidudu vidogo vikicheza ndani ya mwanga, kisha kitu kama vumbi la fedha kikaanza kupita chini ya vidudu hivyo, kikipotea na kurudi. Babu alininong'oneza, "Usiguse mtumbwi kwa kisigino, wanasikia." Tulingoja hadi miguu yangu ikafa ganzi. Aliposhusha lusenga hakukuwa na sauti hata kidogo, lakini alipoipandisha na kuimimina ndani, dagaa walipiga sakafu ya mtumbwi kwa sauti ya mvua ya mawe juu ya bati, na wengine wakaniruka mapajani wakiwa baridi na wenye uhai. Mpini nilioruhusiwa kuushika wakati wa kurudi ulikuwa na mabonde mawili, mahali mikono ya babu ilipokuwa imeula mti kwa miaka mingi, na mikono yangu yote miwili ilitosha ndani ya bonde moja.

Hizo ndizo kumbukumbu nilizozigeuza kuwa mpango wa biashara. Kitu ambacho sikukikumbuka, au niseme nilikikumbuka bila kukithamini, ni kazi niliyoifanya mimi mwenyewe karibu kila siku ya likizo kuanzia umri wa miaka sita hadi nilipokwenda sekondari, nayo ni kuanika.

Dagaa wetu, hasa yule ambaye wataalamu humwita Stolothrissa tanganicae, ni samaki asiyezidi urefu wa kidole, na mwili wake huanza kuharibika jua linapochomoza. Mitumbwi ilipotia nanga alfajiri, wanaume walikuwa wamemaliza kazi yao na wakaenda kulala, na hapo ndipo kazi ya bibi, mama na shangazi zangu ilipoanza. Bibi alikuwa ameufagia mchanga jioni iliyotangulia, akaokota kila jani na kila ganda la konokono, kwa sababu, kama alivyotuambia, mchanga haujifichi kwenye meno ya mnunuzi. Tulimwaga dagaa, tukawatandaza wasilaliane, tukawageuza kwa matawi mepesi wakati wa saa nne na tena saa saba, tukafukuza kuku na kunguru, huku macho ya bibi yakienda milimani kuangalia mawingu. Jua likiwa zuri, dagaa hukauka kwa siku moja. Jioni bibi alichukua konzi moja, akaitikisa karibu na sikio, kisha akamkunja dagaa mmoja shingoni. Akivunjika kwa mlio mkavu, kazi imekwisha. Akipinda, anarudi juani kesho, na hakuna mjadala.

Nilikuwa hodari wa kazi hiyo kuliko ndugu zangu wote, na niliichukia. Ilinuka, iliunguza mgongo, na haikuwa na taa.

Baba alifariki mwaka 2019 akatuachia mitumbwi miwili iliyoanza kuoza, karabai nne, wavu uliochoka, na deni dogo kwa muuza mafuta. Kaka yangu alishauri tuuze kila kitu tugawane. Mimi, niliyekuwa nimechukua mafao yangu ya kazi miezi michache kabla, nilisimama mbele ya familia nikasema nitaendesha uvuvi wa baba. Nililia nilipokuwa nikisema hivyo, na nadhani machozi yale ndiyo yaliyowazuia watu wenye akili kuniuliza maswali waliyopaswa kuniuliza. Kosa la kwanza ni hilo: uamuzi wa fedha niliufanya ndani ya msiba. Anayesoma haya akiwa na msiba mbichi na chombo cha urithi, namshauri akifunike chombo hicho kwa turubai na angoje mwaka mmoja, na pia ndugu waandike mapema, kwa sahihi zao, nani anamiliki nini. Sisi hatukuandika, na tulipokuja kuuza mitumbwi, siku tatu za maneno makali zilipita kabla ya kukubaliana juu ya fedha ambazo hazikutosha hata kuyagharimia maneno hayo.

Nilitia shilingi milioni tano na nusu za akiba yangu, nikakopa milioni nne. Kutengeneza mitumbwi kulichukua milioni moja na laki nne. Injini ya mtumba nilinunua kwa milioni tatu na laki mbili, wavu kwa milioni mbili na laki sita, taa za betri na paneli za sola kwa laki tisa. Leseni, usajili na safari za ofisini vikala laki tatu, na mafuta ya mwanzo laki sita. Nilibaki na laki tano mkononi, nikajiona tajiri, kwa maana kamili ya neno hilo kama wavuvi wanavyolitumia, kwani mwenye chombo ndiye huitwa tajiri hata kama amelala njaa.

Tulitia mitumbwi majini Jumatatu ya tarehe 6 Aprili 2020. Nahodha, mzee aliyevua na baba kwa miaka mingi, alikuja kunisalimu jioni hiyo, akasimama kimya kwa muda, kisha akasema kwa upole, "Mama, mwezi." Nilifikiri anaulizia mshahara wa mwezi. Alikuwa akinionyesha juu ya paa la nyumba, ambako mwezi ulikuwa umebakiza siku mbili tu kukamilika.

Mtoto wa mvuvi hapaswi kusahau jambo hilo, nami nilikuwa nimelisahau. Mchana dagaa hukaa chini, na usiku hupanda karibu na uso wa maji wakifuata vidudu wanavyovila. Taa huwakusanya kwa sababu kote kwingine ni giza. Mbalamwezi inapolimwagia ziwa lote mwanga, taa ya mvuvi haina cha kumpa dagaa, nao husambaa. Kwa hiyo wavuvi wa Kigoma huwa na wakati wa giza wa kuvua na wakati wa mbalamwezi wa kukaa nchi kavu, takriban wiki moja katika kila mwezi, wakishona nyavu, wakilipana madeni na kuoana. Arusi zote ninazozikumbuka utotoni zilikuwa na mbalamwezi, na hadi siku ile nilidhani ni kwa sababu ya uzuri wake.

Usiku wa kwanza tulipata mabeseni mawili. Siku ya nne, wakala wa mkopo akapiga simu kuulizia rejesho la wiki. Nilikuwa nimetia sahihi mkataba wa kulipa kila wiki, mkataba ulioandikwa kwa ajili ya watu wenye maduka, na katika mkataba huo hapakuwa na mwezi wala giza. Rejesho moja kati ya kila manne liliangukia wiki ambayo chombo kimelala mchangani. Kwa kuwa sikuwa na akiba, rejesho hilo nililipa kwa kukopa kwa wanunuzi wa dagaa, na mnunuzi aliyekukopesha ndiye anayepanga bei. Mtu akilazimika kukopa kwa ajili ya uvuvi, mazungumzo ya kwanza na mkopeshaji yawe juu ya jambo hili: rejesho lilipwe kwa mwezi, baada ya giza kwisha, na kabla ya kuchukua mkopo awe na fedha za kutosha kuvuka mbalamwezi mbili bila kuuza dagaa hata mmoja.

Kuanzia Mei upepo wa kusini huvuma, na ndio msimu ambao mawimbi ya ziwa hili hufanana na ya bahari. Yaliyotokea usiku mmoja wa Juni bado huniamsha.

Nilikuwa na wavuvi sita. Katika bajeti yangu niliandika majaketi okozi sita, kila moja shilingi elfu thelathini na tano, jumla laki mbili na elfu kumi. Mwezi wa tatu nilikuwa nimeukata mstari huo kwa kalamu, na fedha hizo nikazitumia kupaka mitumbwi rangi ya bluu aliyoipenda baba na kuandika jina lake ubavuni. Nilisema majaketi nitanunua tukipata.

Mitumbwi ilitoka saa kumi na mbili jioni maji yakiwa shwari. Kama saa nane usiku nilisikia mabati yakianza kupiga. Nilipofika ufukweni niliwakuta tayari wanawake saba au wanane wamesimama wakiwa wamejifunga khanga vichwani, hakuna anayesema neno, wote wakihesabu taa. Taa zilikuwa zikirudi moja moja. Ilipofika alfajiri vyombo vyote vya mwalo wetu vilikuwa vimerudi isipokuwa cha kwangu na kingine kimoja, na chombo hicho cha pili kikaonekana saa moja asubuhi. Mama wa mvuvi wetu mdogo kuliko wote, kijana wa miaka kumi na tisa, alinisogelea akaniuliza, bila ukali wowote, "Mama, uliwapa majaketi?" Nilimjibu kwamba sikuwapa. Hakunitukana. Alirudi akasimama mahali pake, na nafasi iliyobaki kati yetu, labda hatua nne, sijawahi kuona umbali mkubwa kuliko huo.

Walirudi saa nne na nusu, wakivutwa na mtumbwi wa Kibirizi uliowakuta mbali kaskazini. Miti iliyounganisha mitumbwi ilikuwa imevunjika, taa tatu zimezama, na kijana yule mikono yake ilikuwa imechubuka hadi nyama kwa kushikilia kamba. Wote sita walikuwa hai. Siku iliyofuata nilinunua majaketi kwa mkopo, na tangu hapo sijaweza kuitazama rangi ya bluu ya namna ile. Nawasihi wanaoanza: majaketi yawe manunuzi ya kwanza kabisa, kabla ya wavu na kabla ya injini, na tajiri asimame ufukweni kila jioni kuona yamevaliwa, kwa sababu vijana huyakalia kama mito. Simu ya kila mvuvi itiwe ndani ya mfuko usiopitisha maji. Na nahodha apewe mbele ya wenzake haki ya kusema leo hatutoki, bila kuulizwa sababu na bila kukatwa mgawo.

Mwezi Agosti ukaja mkasa wa wavu. Niliununua kwa mtu aliyeniuzia chini ya bei ya dukani, nami sikuupima macho, yaani upana wa matundu yake. Katika ukaguzi ilibainika kwamba macho yake yalikuwa madogo kuliko yanavyoruhusiwa, ukachukuliwa, na baadaye ukachomwa pamoja na makokoro, nyavu haramu za kukokota, yaliyokamatwa sehemu nyingine. Nilikasirika sana wiki ile. Hasira ilipopoa nilimkumbuka babu, ambaye lusenga yake ilipopandisha vidagaa vyepesi kama nyuzi aliizamisha tena na kuviacha vitoke. Dagaa huishi mwaka mmoja au zaidi kidogo, hivyo wavu unaovua watoto leo unaiba mavuno ya msimu ujao, si ya kizazi kijacho. Walionichomea wavu walikuwa wakifanya kazi ya babu. Wavu upimwe mbele ya ofisa uvuvi kabla fedha haijatoka mfukoni, na risiti itunzwe.

Baada ya hapo nilivua kwa wavu wa kukodi, na mwezi wa kumi na moja, giza likiwa zuri, hatimaye tukapata. Usiku mmoja tulipata mabeseni arobaini, usiku uliofuata thelathini na sita. Nilikwenda ufukweni nikiimba. Ufukwe haukuwepo. Kwa sababu ya mvua kubwa za misimu hiyo Ziwa Tanganyika lilikuwa limepanda na kumeza miti, nyumba na barabara za kando, na uwanja wa mchanga ambao bibi aliufagia kila jioni ulikuwa chini ya maji yanayofika kiunoni. Nilikuwa nimeona maji yakipanda wiki baada ya wiki, lakini kwa kuwa mawazo yangu yote yalikuwa ziwani, sikujiuliza nitaanika wapi. Tuliwatandaza dagaa juu ya maturubai kwenye mteremko wa nyasi, turubai likatunza joto na maji, saa nane mchana mvua ikanyesha, na kesho yake ikanyesha tena. Mabeseni sabini na sita yaligeuka uji unaonuka. Mfugaji wa kuku alichukua baadhi kwa bei ya nauli, na waliobaki tulifukia.

Mama yangu, ambaye tangu mwanzo hakuwa ametia neno katika mipango yangu, alikaa karibu na shimo lile wakati tukifukia, akasema, "Wewe ulikuwa fundi wa kuanika. Kwa nini umeshika kazi ya baba yako ukaacha ya kwako?"

Nilifunga shughuli za uvuvi Februari 2021. Injini iliuzwa milioni mbili na laki mbili, mitumbwi milioni moja na laki moja. Mauzo yote ya dagaa ya miezi hiyo yalikuwa yameliwa na mafuta, mgawo wa wavuvi na riba. Nilimaliza deni miezi kumi na minne baadaye kwa kuuza kiwanja nilichokuwa nacho Dar es Salaam, jambo ambalo watoto wangu wamelipokea kwa ustahimilivu ambao sikuwafundisha mimi.

Swali la mama sikulijibu siku ile. Nilianza kulijibu Juni 2021 kwa chanja tatu za miti na wavu wa waya, zenye urefu wa mita sita kila moja, zilizoinuliwa kufika usawa wa kiuno. Gharama yake ilikuwa laki mbili na elfu arobaini, fedha ndogo kuliko bei ya taa nilizozizamisha. Nilinunua dagaa wabichi kutoka mitumbwi ya wengine, nikawaanika kama bibi alivyoniagiza, isipokuwa sasa upepo unapita juu na chini, dagaa hawagusi mchanga, na mvua ikitishia tunafunika kwa dakika chache. Mnunuzi kutoka Dar es Salaam, aliyezoea kuosha dagaa mara tatu kabla ya kupika, aliniomba mzigo wa pili kabla hajamaliza wa kwanza. Leo nina chanja kumi na nne na wanawake watano ninaofanya nao kazi, na daftari letu la hesabu hukaa wazi mezani, kila mtu husoma, kwa kuwa nilijifunza kwa wavuvi wangu kwamba mgawo usioonekana huzaa maneno hata ukiwa wa haki.

Yapo mambo machache ya kazi hii ambayo sikuyaona yameandikwa popote, nayo ni haya. Nunua dagaa kabla jua halijapanda, na umkunje mmoja tumboni: tumbo likipasuka kwa kuguswa, alikaa mtumbwini muda mrefu na ataoza kabla ya kukauka. Beseni la mwalo mmoja si sawa na la mwingine, kwa hiyo pima kwa mzani hata wakikucheka. Usifunge gunia dagaa wakiwa na joto la jua, wasubiri wapoe, la sivyo watatoa jasho ndani na kuota ukungu wakiwa safarini. Zamani tulipeleka magunia kwa treni ya Reli ya Kati, zaidi ya kilomita 1,200 hadi Dar es Salaam, na bibi alikuwa akitia barua yangu katikati ya gunia la shangazi. Barua ilifika ikinukia vizuri, shangazi alisema, na hiyo ndiyo iliyokuwa alama yake kwamba dagaa walikauka sawasawa.

Dagaa wa ziwa letu wamesafiri mbali kuliko wengi wanavyojua. Ndugu wa karibu wa Stolothrissa, ambaye pia tunamvua huku, alihamishiwa Ziwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950, na watu wa Goma na Bukavu leo wanamwita sambaza. Baadaye akapelekwa Ziwa Kariba, kati ya Zambia na Zimbabwe, ambako anaitwa kapenta. Bibi hakuyajua haya, nami natamani ningemwambia, kwa jinsi alivyowaonea fahari.

Mwaka 2024 serikali ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, kwa makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka, ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana. Miezi hiyo mitatu ilikuwa migumu na sitaipamba. Chanja zilikaa tupu, wanawake wawili walikwenda kulima mihogo, na nyumba nyingi za mwalo wetu zilikula ugali wa muhogo kwa mboga za majani zilizotiwa mawese, bila hata dagaa mmoja. Nilivuka kwa sababu nilikuwa nimeanza kujiandaa mapema kwa kuweka akiba kama ya mbalamwezi ndefu. Muda huo niliutumia kuitengeneza lusenga ya babu, ambayo wavu wake ulikuwa umeoza lakini duara na mpini vilikuwa vizima. Nilisuka wavu mpya jioni baada ya jioni, mama akinirekebisha mafundo, na mjukuu wangu wa miaka saba akiuliza kila siku kama leo ndiyo siku ya kwenda kuchota.

Ziwa lilifunguliwa, na vijana wengi wakaruka ndani ya mitumbwi usiku uleule. Wazee hawakutoka. Mwezi ulikuwa ukijaa, ungekamilika tarehe 19 Agosti, na waliotoka walirudi na mabeseni mepesi na madeni ya mafuta. Sisi tulingoja. Mwishoni mwa Agosti, giza liliporudi, nililala nje kwenye mkeka na mjukuu wangu, taa zikawaka juu ya maji moja baada ya nyingine, naye akaniuliza zipi ni zetu. Nilimwambia hakuna hata moja iliyo yetu, lakini asubuhi dagaa wao watakuja kwetu.

Walikuja, wakubwa na wazito kuliko nilivyowaona kwa miaka kadhaa. Tulianika tangu saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Jioni mama aliletewa kiti karibu na chanja ya kwanza, akachukua konzi, akaitikisa sikioni mwake, ambalo siku hizi halisikii vizuri, akampa mjukuu naye atikise. Kisha akachagua dagaa mmoja, akamkunja shingoni polepole. Alipinda bila kuvunjika. Mama akamrudisha kwenye chanja kwa vidole viwili, akasema, "Kesho tena."